Diwani wa Kata na Diwani ya Mashairi: Mji Katika Fasihi Yetu

Neno "diwani" lina maana mbili katika Kiswahili cha leo, na wasemaji huzitumia zote mbili bila kutatizika. Diwani ni mtu aliyechaguliwa na wakazi wa kata ili akawasemee katika baraza la mji au la wilaya. Diwani, vilevile, ni mkusanyo wa mashairi ya mtunzi. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na huko lilibeba maana ya daftari, ya baraza la utawala, na ya kitabu cha mashairi. Katika pwani ya Mrima, kabla ya kuja Wajerumani, lilikuwa pia cheo cha wakubwa wa miji. Wataalamu wa msamiati watasema kwamba hizo ni maana tu zilizokutana katika neno moja, na hapana haja ya kuzitungia kisa. Sisi twaona kisa kipo. Taifa linalotumia neno moja kumwita msemaji wa kata na kukiita kitabu cha mtunzi lina haki ya kuuliza mara kwa mara kama hao wawili wanafahamiana.

Tunachokusudia kuonyesha katika makala haya ni kwamba hawafahamiani. Fasihi yetu andishi imeusema mji sana. Imeulaani, imeulilia, imewaonya vijana wasiukimbilie. Lakini haikuingia ila mara chache sana katika chumba ambamo mambo ya mji huamuliwa. Haikuuliza ni nani aliyegawa viwanja, ni nani aliyepitisha bomba la maji katika mtaa huu likauruka ule, wala ni nani aliyemchagua mtu huyo. Matokeo yake ni kwamba msomaji wetu amefundishwa kuuogopa mji, hakufundishwa kuudai.

MSHAIRI ALIYEKUWA MEYA

Mwaka 1954 ulikuwa na matukio mawili ambayo vitabu vyetu huyaweka mbalimbali. Mwezi wa Julai TANU ilizaliwa mjini Dar es Salaam. Mwaka huohuo kilitolewa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, mtunzi huyo akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Sheria, kisha Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa, na alikuwa katika wadhifa huo alipofariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka arobaini tu.

Mwanafunzi wa shule humkuta Amri Abedi katika mlango wa vina na mizani. Mwanafunzi wa historia humkuta katika orodha ya mawaziri wa kwanza. Ni nadra mtu kumkuta mahali ambapo kazi hizo mbili zinatazamwa kuwa kazi moja. Wahakiki tulishughulika na jambo jingine. Baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, tuligombana miaka mingi kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Ugomvi huo ulikuwa na faida yake, wala hatuubezi. Lakini katika makelele yake tulimgeuza Amri Abedi kuwa askari wa kulinda urari wa vina, tukasahau kwamba alikuwa mtu aliyekaa kiti cha mbele cha baraza la mji. Mtu aliyeamini kwamba shairi lina sheria, na kwamba sheria hizo humfunga mtunzi mkubwa kama zinavyomfunga mdogo, aliingia katika baraza ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limeendeshwa kwa sheria moja kwa Mzungu, nyingine kwa Mhindi, na nyingine kwa Mwafrika. Kuyasoma mashairi yake bila kulikumbuka jambo hilo ni kumsoma nusu.

Tena hakuwa peke yake aliyetoka katika sanaa akaingia katika siasa ya mji. Bibi Titi Mohamed, aliyeanza kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam wajiunge na TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Alipotaka kuwafikia wanawake wa mji hakuanza na ofisi, maana ofisi hawakuwa nayo. Alianza na vikundi vya ngoma, ambavyo vilikuwa na viongozi wao, michango yao, na desturi zao za kukutana. Yaani wanawake wa Uswahilini walikuwa na mabaraza yao kabla sheria haijawapa viti katika baraza. Twaomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalihitaji sasa hivi.

MJI KAMA SHIMO

Tukifungua riwaya zetu mashuhuri, twauona mji mwingine kabisa. Katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi anamchora msichana wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, aliyelelewa kwa ukali na baba yake Zakaria. Anapelekwa shule Mwanza, kisha chuo Morogoro. Uhuru asiouzoea unamlevya, na mwisho wake ni kujiua. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anamchora Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake Bwana Maksuudi, mtu mwenye cheo na mali. Binti huyo anatoroka, na mji unampokea kwa mikono ya wafanyabiashara wa miili ya watu. Ben R. Mtobwa alipotoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, jina la kitabu lenyewe lilitangaza saa ambayo mji ulidhaniwa kuwa macho.

Hatusemi kwamba waandishi hao walikuwa wepesi wa fikra. Kezilahabi hamlaumu Rosa, wala haulaumu mji peke yake. Anamlaumu mzazi anayefunga mlango badala ya kufundisha. Said Ahmed Mohamed analaumu utawa wa kulazimishwa na unafiki wa wenye vyeo. Hizo ni shutuma za haki, na zimefanya kazi kubwa katika jamii yetu. Neno letu ni juu ya mji wenyewe jinsi unavyotokea ndani ya shutuma hizo. Katika riwaya zote hizo mji ni mahali mtu anapoangukia. Si mahali palipojengwa na watu, kwa uamuzi wao, kwa fedha zao, na kwa makosa yao. Una madanguro, vilabu na vichochoro, lakini hauna ofisi ya kata. Mtaro umejaa maji machafu, nao wajaa kama mto unavyojaa masika, kwa amri ya maumbile, kana kwamba hapana mtu aliyeahidi kuuzibua.

Hali kadhalika mwanamke. Katika riwaya yeye ndiye kipimo cha uovu wa mji: akifika safi huchafuka. Ilhali historia ya Bibi Titi na vikundi vya ngoma yatuambia kwamba mwanamke wa mji alikuwa mjenzi wa siasa ya mji, tena kabla ya wasomi wengi. Leo sheria yataka wanawake wasipungue theluthi moja katika baraza la madiwani kwa njia ya viti maalumu. Tangu sheria hiyo iwepo, maelfu ya wanawake wamekaa katika mabaraza hayo. Hatujapata riwaya mashuhuri ambayo shujaa wake ni mmoja wao.

Sababu za kasoro hii hazikuwa za kifasihi tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba miji yaweza kuwa mnyonyaji wa vijiji. Onyo hilo lilikuwa la kweli, na fasihi ililipokea kwa moyo. Lakini yaliyokuwa maneno ya uchumi yakageuka kuwa maneno ya tabia: mji ukawa mwovu, kijiji kikawa chema, na mwisho mwema wa hadithi ukawa kupanda basi kurudi nyumbani. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, serikali yenyewe iliwakamata watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini na kuwapeleka mashambani. Siasa na riwaya zilikuwa zikisema neno moja. Watu hawakulisikia. Katika hesabu ya mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 300,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Fasihi inayoendelea kuwaambia watu milioni tano kwamba wamepotea njia haina budi kujiuliza ni nani aliyepotea.

MJI ULIOANDIKWA NA WENGINE

Pengo hilo halikubaki tupu. Wakati waandishi wetu walipouacha mji kama maudhui ya maamuzi, mji huo ulikuwa ukiandikwa na watu wengine, tena kwa kurasa nyingi. Mpango mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam, wa mwaka 1949, ulitungwa na kampuni ya Kiingereza. Wa mwaka 1968 na wa mwaka 1979 ulitungwa na kampuni za Kanada. Yote mitatu iliandikwa kwa Kiingereza.

Mhakiki afaa aisome mipango hiyo kama anavyosoma riwaya, kwa kuwa nayo ina wahusika, mandhari na dhamira. Ule wa 1949 uligawa mji kwa wingi wa nyumba: maeneo ya nyumba chache, ya nyumba za kiasi, na ya nyumba nyingi. Maneno hayo yanasikika kama hesabu tupu. Lakini wakazi walikwisha kuwa na maneno yao kwa mambo hayohayo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uswahilini na sehemu nyingine uliwekwa uwanja wazi, ambao ndio Mnazi Mmoja wa leo, ili jamii zitengane kwa kisingizio cha afya. Mpangaji aliandika wingi wa nyumba. Mkazi akasoma rangi ya ngozi. Lugha ya mkazi ndiyo iliyokuwa sahihi, na ndiyo iliyokuwa fasihi, maana iliita jambo kwa jina lake. Majina hayo yangali yakitumika midomoni mwa watu zaidi ya miaka sitini baada ya uhuru, na hiyo ni hukumu ambayo hakuna mpango wowote ulioijibu.

Jina la Kariakoo nalo lina historia ya namna hiyo. Latokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, ambao Waingereza waliwaita kwa lugha yao na wenyeji wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao. Soko lililojengwa hapo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975 na likateketea kwa moto mwezi wa Julai 2021. Kati ya miaka hiyo, je, ni kazi ngapi za fasihi zilizolichukua soko lile kama mali ya umma, yenye mkataba, ushuru, wasimamizi na wapangaji, badala ya kulichukua kama mandhari ya wachuuzi na wezi wa mifukoni? Twahofu kwamba msomaji hatahitaji vidole vya mikono miwili kuzihesabu.

KIMYA CHETU

Kipimo kikubwa zaidi cha uhusiano wa watu na baraza lao ni pale baraza linapoondolewa. Dar es Salaam imelipoteza baraza lake la mji mara tatu tangu uhuru.

Mara ya kwanza ilitokana na mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, ambao ulifuatwa na kuvunjwa kwa serikali za mitaa, vijijini na mijini. Nia ilikuwa kuyapeleka madaraka karibu na wananchi. Kilichofika mikoani zaidi ni watumishi wa serikali kuu. Huduma za miji zilidhoofika, na kipindupindu cha mwishoni mwa miaka hiyo kiliwakumbusha wote kwamba takataka hazijui mpango. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978 kwa sheria ya muda, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji. Mwaka 1984, katika mahojiano, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya ni kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Ni maneno mazito kutoka kwa kiongozi aliyeufanya uamuzi huo mwenyewe, na mtu aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare alijua kisa cha mfalme anayeutambua uamuzi wake baada ya muda kupita. Hakuna mwandishi wa tamthilia aliyekichukua kisa hicho.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1996, baraza la jiji lilipovunjwa na nafasi yake kushikwa na Tume ya Jiji mpaka mwaka 2000. Wakazi wengi waliisifu Tume kwa barabara na usafi, na sifa hizo hazikuwa za bure. Lakini hapo palikuwa na swali zito la kisanaa na la kisiasa pia: je, mji unaosafishwa na watu usiowachagua ni wako? Mara ya tatu ilikuwa Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na manispaa ya Ilala kupewa hadhi ya jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kupunguza gharama za chombo kisicho na eneo lake. Pengine sababu hiyo yatosha. Tunachosema ni kwamba, kwa mara zote tatu, malenga wetu, ambao hutunga mashairi ya tanzia kwa mtu mashuhuri kabla hajazikwa, hawakuacha tanzia inayokumbukwa kwa baraza. Mtu halilii asilolihesabu kuwa lake.

WALIOINGIA CHUMBANI

Yawezekana msomaji atatujibu kwamba kikao cha halmashauri hakina ladha ya sanaa: mihtasari, bajeti na miongozo havimpi mtunzi chochote. Twapinga, na tunao mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni Shaaban Robert. Kusadikika (1951) ni kitabu cha baraza tangu mwanzo hadi mwisho. Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mapendekezo yenye manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Hakuna mapanga wala mapenzi. Kuna hoja, na kuna wasikilizaji wenye madaraka ambao hawakuzoea kusikiliza. Kizazi baada ya kizazi kimekisoma kitabu hicho bila kusinzia.

Shahidi wa pili ni Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, ambayo inauonyesha mji wa Unguja kuwa kazi ya mikono ya watu. Rashidi na wenzake wa bandarini, katika mgomo wa mwaka 1948, hawauogopi mji. Wanaudai. Shahidi wa tatu ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988) ya Edwin Semzaba, ambamo karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anazama katika mapenzi, na karatasi za hesabu zinateketezwa kwa moto. Semzaba alitambua kwamba daftari la serikali laweza kuwa mhusika, na kwamba linapoungua kuna msiba hata kama hakufa mtu. Shahidi wa nne anatoka katika muziki wa vijana. Katika "Ndio Mzee", Professor Jay aliigiza mkutano wa kampeni ambapo mgombea anaahidi yasiyowezekana na umati unamwitikia. Vijana waliukariri wimbo huo kuliko walivyokariri ilani yoyote. Mwimbaji huyo alikuwa baadaye Mbunge wa Mikumi tangu 2015 hadi 2020, kwa hiyo aliwahi kusimama pande zote mbili za jukwaa alilolicheka.

Sisi wenyewe tuliwahi kuketi katika viti vya wageni vya baraza la manispaa moja. Madiwani walikuwa wamevaa majoho, dua ikasomwa, mihtasari ikathibitishwa, wakafika katika yatokanayo. Palikuwa na mtaro ambao taarifa ilisema utekelezaji wake unaendelea. Diwani mmoja wa viti maalumu akasimama, akakumbusha kwamba maneno hayo yaliandikwa pia katika kikao kilichopita na kile kilichotangulia, akaomba aelezwe jambo hilo linaendelea kwenda wapi. Ukumbi ukacheka, na mwenyekiti naye akacheka. Mtaalamu hakucheka. Katika kitenzi kimoja mama yule alikuwa amefanya uhakiki wa lugha ambao wengi wetu wenye shahada hatujaufanya: alikionyesha kitenzi kinachotumika kuficha mtendaji. Hakuna mwandishi aliyekuwapo, na siku ya pili magazeti yaliandika habari za mpira.

MALUMBANO NA KUPINGWA

Tunayo mila ya ushairi inayofanana sana na kazi ya baraza, nayo ni malumbano. Tangu siku za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi wetu walikuwa wakitupiana maswali na majibu magazetini. Mmoja hutoa hoja, mwingine huipinga kwa bahari ileile, wa tatu huingia kusuluhisha. Mathias Mnyampala alipoipa nguvu ngonjera, aliijenga juu ya msingi huohuo: watu wawili wasiokubaliana wanajadiliana mpaka ukweli udhihirike. Ni bahati mbaya kwamba ngonjera ilishuka upesi ikawa pambo la kumpokea mgeni rasmi. Watoto waliovaa sare wanaulizana maswali ambayo majibu yake yalikwisha kuandikwa, na mgeni anapiga makofi kwa sababu hapana aliyemwuliza kitu. Umbo la ubishi likabaki, ubishi wenyewe ukatoka.

Lililotokea katika ngonjera laweza kutokea katika uchaguzi. Tunao msemo wa "kupita bila kupingwa", na magazeti huuandika kama habari ya ushindi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikuu vya upinzani vilisusa, na chama tawala kikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Katika ule wa Novemba 2024 vyama vilishiriki, vikalalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na matokeo yakawa karibu na yaleyale. Wenye mamlaka ya uchaguzi na vyama wana majibu yao juu ya jambo hilo, na hapa si mahali pa kuyapima yote. Sisi tutasema la ushairi tu. Katika malumbano, mtunzi aliyetoa shairi lake na asipate wa kumjibu hahesabiwi kuwa ameshinda. Huhesabiwa kuwa bado anangoja. Wazee wetu walijua kwamba hoja hupimwa na mpinzani kama dhahabu inavyopimwa na moto, na kwamba anayejivunia kutojibiwa hajui kanuni za mchezo anaoucheza. Diwani wa kata hawezi kuepukana na kanuni ambayo diwani ya mashairi imeishika kwa karne nzima.

TUTAKALO

Wahakiki hulaumiwa, na pengine kwa haki, kwamba huona kasoro na kwenda zao. Basi na tuseme tutakalo.

Kwanza, waandishi waingie mchana. Mambo ya mji yamejaa visa vinavyongoja mtunzi. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa katika halmashauri ukapelekwa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 kodi hiyo ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme. Mpangaji wa chumba kimoja akajikuta akilipa kodi ya nyumba isiyo yake, akalazimika kumfuata mwenye nyumba amrudishie. Katika ukumbi mmoja, ua mmoja na mita moja ya umeme mna tamthilia nzima juu ya nani hulipa na nani huamua. Mwaka huohuo wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara wakaelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Mwenda kwa miguu alipata njia yake, mchuuzi akapoteza wateja wake, na wote wawili walikuwa na haki. Mwandishi anatafuta mgongano gani mkubwa kuliko wa haki mbili?

Pili, wahakiki wazisome maandishi ya baraza: mihtasari, sheria ndogo, mipango ya mji, risala na ilani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Huo ni ushindi wa utamaduni wa taifa, lakini lugha haishindi kwa kutangazwa. Itashinda pale mkazi wa Manzese atakapousoma mpango wa mtaa wake kwa Kiswahili kinachomtaja aliyeamua, na pale mhakiki atakapokikemea Kiswahili kinachomficha.

Tatu, madiwani wenyewe wasione fasihi kuwa pambo la kufungulia mkutano. Mji wa Dar es Salaam ulipompata meya wake wa kwanza Mwafrika, ulimpata mtunzi. Hatusemi kila diwani awe malenga. Twasema diwani asiyeweza kuyasema mahitaji ya kata yake kwa lugha iliyonyooka hawezi pia kuyadai, na wapiga kura wasioweza kuitambua lugha iliyopinda hawataweza kumhoji. Kazi ya kuwafundisha wote wawili ilikuwa yetu, wenye kalamu, nasi tuliiacha tukaenda kuandika juu ya usiku.

Baraza la madiwani hukutana mchana, na mlango wa wageni uko wazi kwa mujibu wa sheria. Viti vya nyuma, siku ile tulipokwenda sisi, vilikuwa vitupu.